Jina la Tatu

Ujiji, mji mkongwe ulio kilomita chache kutoka Kigoma, una nyumba ya makumbusho iliyojengwa pale panaposemekana kuwa ndipo ulipotokea mkutano mashuhuri wa mwaka 1871. Ndani yake mna sanamu mbili zenye kimo cha mtu: ya David Livingstone na ya Henry Morton Stanley, kila mmoja ameinua kofia kumwamkia mwenziwe. Nje ipo miembe inayoelezwa kuwa ni vizazi vya ule mwembe uliowapa kivuli. Siku yenyewe Stanley aliihesabu kuwa 10 Novemba, ingawa waliohakiki shajara zake wanaona kwamba hesabu yake ya siku ilipotoka njiani, na homa nazo zilikuwa zimemwandama. Siku hizo chache zilizopotea zimetafutwa kwa bidii, zikaandikiwa makala, zikapimwa kwa kulinganisha kitabu na kitabu. Hata siku ya kalenda, ikipotea, hupata wa kuitetea.

Watu waliokuwapo uwanjani hawakupata bahati hiyo. Palikuwa na wapagazi waliotoka na Stanley pwani, askari wake, wapishi, Wajiji waliotoka sokoni, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa mali ya wengine. Kati ya umati huo majina yajulikanayo ni machache: Abdullah Susi, aliyekimbia kumlaki mgeni, James Chuma, mwenziwe, Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa safari aliyewahi kufika hapo miaka 13 nyuma pamoja na Burton na Speke. Wachache wengine wametajwa kwa kupita. Waliobaki ni umati, na umati hauna jina.

Yupo atakayesema kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa, watu hawakuandika. Lakini waliandika, na waliandika sana. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1858, alieleza kwamba katika biashara ya bara palikuwa na aina zipatazo 400 za ushanga, na kila aina ilikuwa na jina lake, thamani yake na nchi ilikopendwa. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulijulikana jina na bei kutoka Bagamoyo hadi ng'ambo ya ziwa. Nguo nazo zilikuwa na majina: merikani, kaniki, barsati. Pembe zilipangwa kwa uzito na ulaini. Msafiri aliyekosea jina la ushanga alilala na njaa, kwa kuwa sokoni Ujiji ushanga ndio uliokuwa sarafu. Basi kumbukumbu ilikuwapo, na wino ulikuwapo. Fedha ilikuwa na majina 400. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha hiyo hakuandikiwa hata moja.

Ndipo linapozuka swali ambalo makala haya yanajaribu kulipima. Mtu aliyekufa bila jina lake kubaki popote, je, inafaa aliye hai ampe jina? Au kumpa jina jipya ni kumfanyia mara nyingine kitendo kile kile alichofanyiwa na aliyemnunua?

Swali hili lingeweza kubaki la wanafalsafa tu, lau si kazi ya mchoraji mmoja aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, Lubaina Himid. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Komoro; mama yake alikuwa Mwingereza, mbunifu wa nakshi za vitambaa. Mtoto alipokuwa na miezi minne baba alifariki kwa malaria, na mama akarejea naye Uingereza. Akakulia London, akasomea usanifu wa majukwaa ya tamthilia katika chuo cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976, kisha akaendelea katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa na kumaliza mwaka 1984. Mafunzo yale ya jukwaa yalimwachia tabia isiyomtoka: hachori picha ya kutundikwa tu, bali hupanga watu wa kuchora mahali ambapo mtazamaji hana budi kupita katikati yao.

Miaka yake ya mwanzo aliitumia zaidi kwa kazi za wengine kuliko kwa zake. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake weusi mjini London, na mwaka 1985 akaandaa mengine, The Thin Black Line, katika taasisi kubwa ya sanaa za kisasa ya mji huo. Wasanii walikuwa 11. Nafasi waliyopewa ilikuwa ukumbi mwembamba wa kupitia, watu wakielekea kwingine. Mtu akitafuta mfano wa namna dunia inavyomkaribisha mgeni bila kumkaribisha, ushoroba ule unatosha.

Mwaka 1987 akachora mfululizo wa picha za rangi za maji juu ya maisha ya Toussaint L'Ouverture, mtumwa aliyekuja kuwa jemadari wa mapinduzi ya Haiti, akafia katika gereza la Ufaransa mwaka 1803, miezi michache kabla ya nchi yake kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Kwa mchoraji, Toussaint ni kazi nyepesi kwa upande mmoja: jina lake lipo, barua zake zipo, vita vyake vimeandikwa. Lakini kila jemadari ana jeshi, na kila jeshi lina wapishi na wafua nguo. Ukimaliza kumchora mwenye jina, wasio na jina wanabaki wakikutazama.

Kazi iliyowakabili hao ilikuja mwaka 2004, mwaka ambao Haiti ilitimiza miaka 200 ya uhuru. Ilionyeshwa kwanza Newcastle, na jina lake ni Naming the Money. Himid alikata maumbo 100 ya watu kwa mbao nyembamba, kila moja kimo cha mtu, akayapaka rangi kali na kuyasimamisha ukumbini kama watu walioalikwa karamuni. Ni Waafrika waliopelekwa katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya kuwa watumishi. Wamegawanyika katika kazi kumi, watu kumi kwa kila kazi: wapiga ngoma, wapiga zeze la Kizungu linaloegemezwa magotini, walimu wa dansi, wafunza mbwa, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, watengeneza vichezeo, waganga wa mitishamba na wachoraji. Mgongoni mwa kila mmoja pamebandikwa karatasi mfano wa ankara ya duka, na humo mna maneno machache, yenye mpango mmoja: jina alilopewa na wazazi, jina analoitwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kimoja kidogo ambacho bado ni chake. Sauti zinazotaja majina hayo husikika ukumbini pamoja na muziki. Mtazamaji akitaka kujua jina, lazima azunguke nyuma ya mtu. Mbele huonekana mapambo, jina liko upande ambao bwana hakuzoea kuutazama.

Mfasiri akitaka kulihamishia jina la kazi hiyo katika Kiswahili atakuta kazi imempa mtihani. Akisema "kuitaja fedha", anapata tendo la mwenye duka anayetaja bei. Akisema "kuipa fedha majina", anapata tendo la mzazi siku ya saba. Yote mawili yamo. Himid ameyafunga pamoja kwa makusudi, maana watu wale walikuwa fedha: bwana alimwonyesha mgeni mtumishi mweusi aliyevaa hariri kama anavyomwonyesha saa ya dhahabu. Msomaji wa Ujiji anaelewa bila kufasiriwa. Katika soko lake mtu na ushanga viliwekwa upande mmoja wa mizani.

Sasa ije hoja ya anayepinga, nayo ni nzito. Mtu yule wa kweli, aliyepiga ngoma katika jumba la mfalme fulani, alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Hilo ni jina la kwanza. Bwana akampa la pili, kwa raha zake: jina la mungu wa Kirumi, au la mji, au la mbwa. Kisha baada ya miaka 200 anakuja msanii na kumpa la tatu. Msanii hajui lugha aliyoizungumza mtu yule, hajui kabila lake, pengine hajui hata kama alikuwapo. Kwa haki gani anadai kwamba hilo la tatu ndilo la kwanza? Aliyekufa hawezi kukana. Na kumsemea asiyeweza kukana ni dhuluma, hata isemwe kwa upole namna gani.

Jibu la haraka ni kwamba mtunzi wa riwaya hufanya hivyo kila siku. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari mwingine, katika riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 alimbuni kijana Yusuf, aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, akamtembeza na msafara hadi bara. Hakuna aliyemshitaki kwa uongo. Lakini jibu hili halitoshi, kwa sababu riwaya huja na jina lake la riwaya juu ya jalada. Msomaji ameingia humo akijua. Makumbusho ni mahali pengine. Huko watu huenda kutafuta yaliyokuwa, na ubao ukisimama chini ya paa la makumbusho hupata sauti ya shahidi. Kazi ya Himid leo iko mikononi mwa makumbusho ya utumwa ya Liverpool, mji uliotajirika kwa meli za watumwa. Ubunifu umewekwa pamoja na ushahidi. Basi sharti la kwanza la uhalali wake ni kwamba usijifiche. Na haujifichi: hakuna anayeyaona maumbo yale 100 ya rangi na kudhani ni nakala ya daftari. Kinachodaiwa na kila karatasi mgongoni hakisemi "huyu aliitwa hivi kwa hakika". Kinasema kwamba alikuwa na jina, na lilikuwa mfano wa hili. Dai hilo la pili ni kweli tupu. Hakuna mtu aliyezaliwa bila kuitwa.

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika alikuwapo mchoraji mwingine aliyelijua jambo hili. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, katika miaka ya 1970, alichora historia ya nchi yake kwa picha zipatazo 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mtaalamu Johannes Fabian. Mengi ya aliyoyachora hakuyaona kwa macho yake, na hata hivyo alijiita mwanahistoria bila kusita. Ubunifu kwake ulikuwa njia ya kufikiri juu ya yaliyopita. Habari zake mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ila yeye aliwahi kutia sahihi yake kwenye picha, na sahihi ile ndiyo inayomzuia asiingie katika umati.

Pingamizi la pili ni la uzuri. Maumbo ya Himid yanapendeza; wamevaa manjano na buluu, wana viatu safi, wengine kama wanataka kucheka. Je, haya si kuyapaka marashi mateso? Hapa inafaa kukumbuka kazi yake nyingine, ya mwaka 2007, ulipotimia mwaka wa 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Alinunua sahani, mabakuli na majagi ya zamani, 100 kwa jumla, akachora juu yake nyuso za watumishi weusi na za mabwana wa Lancaster, mji mwingine wa bandari ya watumwa, wengine wakitapika kwa habari ya kufutwa kwa biashara yao. Anayeweza kuchora tapishi la tajiri juu ya sahani yake hawezi kushukiwa kwamba ameona haya kutaja uovu. Ameamua tu kwamba minyororo isiwe kitu cha kwanza kukumbukwa juu ya mtu. Anayemwonyesha mtumwa daima akiwa amefungwa humwonyesha kama alivyomwona aliyemfunga. Himid anamwonyesha na ujuzi wake, ngoma yake, ramani yake, dawa zake. Mtu aliyechukuliwa kwao hakuchukuliwa mikono mitupu. Alikwenda na anachokijua, na hicho ndicho alichonunuliwa nacho.

Himid alipewa Tuzo ya Turner mwezi Desemba 2017, mjini Hull, akiwa na umri wa miaka 63. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Tangu 1991 tuzo hiyo ilikuwa haimpi aliyefikia miaka 50, na mpaka huo uliondolewa mwaka ule ule. Yapo maneno kwamba msanii amevuna sifa katika shamba la wafu. Maneno hayo yangekuwa na uzito zaidi kama sifa zingekuja mapema. Alipoandaa maonyesho ya ushorobani alikuwa na miaka 31. Miaka 32 ilipita kabla ya mlango mkubwa kufunguliwa, na katika miaka hiyo alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Preston na kuwatafutia nafasi wanawake wengine. Tamaa ya tuzo haina subira ya namna hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo haliwezi kutoka London wala Liverpool. Linatoka hapa hapa, pwani na ziwani. Ni pingamizi la sitara.

Katika miji ya Waswahili, na Ujiji ni mmoja wao ijapokuwa uko mbali na bahari, asili ya mtu ni jambo linalofunikwa. Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria hadi 1922. Unguja na Pemba amri ya kwanza ilitoka 1897, na masuria hawakuingizwa hadi 1909. Hayo si ya kale mno. Wapo wazee walio hai ambao bibi zao walikuwa wameandikwa mali. Watoto wa mabwana na watoto wa watumwa wameoana, wamezikana, wamesoma chuo kimoja, na wamefanikiwa kuishi pamoja kwa sababu, miongoni mwa mengine, watu waliamua kutouliza. Funika kombe mwanaharamu apite. Kumwambia mtu "babu yako alinunuliwa" kulikuwa tusi, na bado ni tusi. Waliokuwa watumwa Ujiji walijiita waungwana mapema kabisa, hata kabla sheria haijawaruhusu. Waliotekwa magharibi ya ziwa wakaitwa kwa jina la nchi walikotekwa, Manyema, na jina hilo lililoanza kama alama ya bidhaa wakaligeuza kuwa jina la watu wenye jumuiya yao, masheikh wao na msikiti wao Kariakoo, Dar es Salaam. Hakuna msanii aliyewafanyia. Walijipa jina la tatu wenyewe.

Basi anayekuja leo na taa yake akitaka kuwataja wafu wote, je, hawaumbui walio hai? Kila jina la mtumwa likitajwa, jina la bwana linasimama nyuma yake. Na bwana yule ni babu wa jirani. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Ametaja humo masultani wa bara, wadai, ndugu na vita. Ni kitabu cha majina mengi. Lakini watu waliobeba pembe zake hadi pwani, walio wengi, ni hesabu tu. Msomaji wa pwani anakisoma kwa fahari ya lugha na kwa aibu ya moyo, na kati ya fahari na aibu hiyo amezoea kunyamaza. Kimya hicho hakikuwa woga peke yake. Kilikuwa pia adabu, zawadi ambayo waungwana wapya na wa zamani walipeana ili mji usipasuke.

Haki ya wafu inadai majina. Amani ya walio hai inadai sitara. Hapa ndipo ubunifu wa Himid unapoonyesha faida ambayo daftari halina. Daftari la kweli, likifunguliwa Ujiji, litasema: fulani, mama wa fulani, aliuzwa na fulani. Litampa mfu haki yake na kumwumbua mjukuu sokoni. Jina la kubuni halimgusi mjukuu wa yeyote. Halina ukoo wa kuaibishwa. Na bado linakitoa kile kiini cha haki iliyodaiwa: kwamba aliyesimama pale alikuwa mtu, aliitwa kwa sauti ya mama yake, akageuka alipoitwa. Ubunifu unaweza kusema kweli ya wote bila kuivunja sitara ya mmoja. Pengine hii ndiyo sababu mashairi na hadithi vilianza kuusema utumwa pwani kabla ya mazungumzo ya sebuleni.

Himid mwenyewe, katika kazi zake za baadaye, ameingia kwenye kitu ambacho watu wa pwani wanakijua kuliko mhakiki yeyote wa Ulaya, nacho ni kanga. Ameichora mara nyingi, nakshi zake, pindo zake, na maneno yake. Maneno yaliyoandikwa juu ya kanga, kwa Kiswahili, huitwa jina. Mwanamke akienda dukani huuliza, "Hii jina lake nini?" Wanawake waliotoka utumwani walivua kaniki, nguo nyeusi ya kazi iliyowatambulisha kuwa ni watu wa watu, wakavaa kanga. Wengi wao hawakuwa na njia ya kulirudia jina walilopewa na mama zao. Lakini walivaa nguo yenye jina, wakalichagua wenyewe, wakatembea nalo mtaani, na walipochoka nalo wakanunua jingine. Anayedhani jina la tatu ni dhuluma kwa kila hali na awaangalie wanawake hao. Jina la pili lilikuwa dhuluma kwa sababu lilifunga: lilisema huyu ni wa fulani, na mjadala umekwisha. Jina la tatu, likiwa jema, huacha mlango wazi.

Hata hivyo lina mpaka, na mpaka huo ni lazima utajwe, maana bila huo huruma hugeuka uvivu. Palipo na jina la kweli, la kubuni halina ruhusa. Stanley aliorodhesha majina ya wengi waliofuatana naye katika safari ya 1874 hadi 1877, safari iliyopita Ujiji mwaka 1876. Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo baada ya kifo chake cha Mei 1873, aliacha shajara. Majina hayo yapo vitabuni, yameandikwa kwa tahajia ya Kizungu iliyopinda, yanangoja mtu wa kuyanyoosha. Kuyaacha huko na kubuni mengine kwa kuwa ni rahisi kungekuwa kosa lile lile la kwanza, la kumwona mtu kuwa ni umati. Mgala muue na haki yake mpe: aliyeandikwa apewe alichoandikiwa. Ubunifu una haki ya kuanza pale tu utafiti ulipokwisha kwa uaminifu.

Na uko mpaka wa pili. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India. Huko akapata jina la mji. Mubarak nalo ni jina la baraka la aina waliyopewa watumwa kwa wingi. Aliporudi Afrika akiwa huru aliongoza misafara iliyolifikia Ziwa Tanganyika mara kwa mara, akavuka bara na Cameron kutoka bahari hadi bahari, akapewa nishani na pensheni na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, akafa mwaka 1885. Hakuna mtu mweusi wa misafara ile aliyetajwa kuliko yeye. Na jina alilolia nalo usiku wa kwanza wa kutekwa halijulikani. Je, yeye apewe jina la tatu? Hapana. Bombay alilibeba jina la pili mpaka likawa lake kwa kazi yake mwenyewe. Kumbadilishia leo kwa kumhurumia ni kumnyang'anya alichokichuma. Kwake haki ni kuiacha nafasi ya jina la kwanza iwe tupu, na utupu huo uonekane.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mwanzoni halina jibu moja kwa wafu wote. Aliyejitaja, aachwe na alivyojitaja. Aliyeandikwa, atafutwe. Aliyegeuza jina la utumwa kuwa heshima, asisahihishwe. Anayebaki ni yule wa mwisho, ambaye hakuna kitabu kilichomwona, naye ndiye wengi. Huyo anaweza kupewa jina na aliye hai, kwa masharti: jina likiri kwamba limebuniwa, lisimfunge, lisimuumbue jirani, na aliyelitoa asidai kwamba deni limelipwa.

Katika ile nyumba ya makumbusho ya Ujiji sanamu ni mbili. Hapana haja ya kuziondoa; wale nao walikuwa watu, na mmoja wao alifika hapo akiwa amevunjika moyo kwa mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe mwezi Julai wa mwaka huo huo. Lakini mji wenye wachoraji na maseremala hauwezi kukosa mbao. Wakisimamishwa wengine pembeni, wenye majina ya kweli mbele na ya kubuni nyuma yao, na mmoja asiye na jina lolote, wageni wanaokuja kuona watu wawili watalazimika kupita katikati ya wenyeji kuwafikia.

Jioni, kutoka ufukwe wa Ujiji, wavuvi wa dagaa huonekana wakitoka na taa zao, na baada ya saa moja ziwa linakuwa kama mji uliowashwa. Mtazamaji wa mbali huona taa tu. Nchi kavu wako wanaojua kila taa ni ya nani, na wakichelewa kurudi huitwa mmoja mmoja.